Dennis Ritchie na Deni la Maharage

Wanachuo wenzangu, kwenye safu hii ya maisha ya watu mashuhuri mmezoea kusoma habari za marais, majemadari na wapigania uhuru. Leo naomba mnivumilie. Mtu wangu hakuongoza nchi wala jeshi. Alikuwa mpole, mwenye ndevu ndefu, anayependa kufanya kazi usiku, na siku alipokufa dunia nzima ilikuwa inamlilia mtu mwingine. Anaitwa Dennis Ritchie, na ndiye aliyetengeneza lugha ya C, ile inayotupatia sup kila mwaka.

Lakini nianze na aibu yangu mwenyewe, maana bila hiyo aibu nisingemsoma huyu mzee hata ukurasa mmoja.

Kwetu ni Ngenge, wilaya ya Muleba, mkoani Kagera. Mama yangu yumo kwenye kikundi cha wakulima wanaouza maharage kwa pamoja. Kila mtu analeta mzigo wake, unapimwa, unaandikwa daftarini, na mnunuzi akija anauziwa mzigo mmoja mkubwa kwa kilo, badala ya kupita nyumba kwa nyumba akidai lumbesa. Mwanzo wa msimu kikundi kinakopesha mbegu. Mwisho wa msimu kila aliyekopa anakatwa kilo zake. Basi.

Likizo ya mwaka wa kwanza nilirudi nyumbani kichwa kimevimba, nimetoka kufaulu C bila kudesa. Nikamwambia mwenyekiti wa kikundi kwamba daftari limepitwa na wakati, nitawatengenezea programu. Wazee wakafurahi. Mama akafurahi zaidi.

Mwanzoni kilo alizoleta mtu nilizihifadhi kama int, yaani namba kamili, na mbegu anazodaiwa nikazihifadhi kama double, yaani namba yenye desimali. Baadaye nikaona nimekosea. Mizani inatoa nusu kilo, ila mbegu hukopeshwa kwa kilo kamili tu. Nikageuza aina zote mbili pale juu nilipozitangaza. Ila chini kabisa, kwenye mstari wa kuchapa, sikugusa kitu. Ulibaki hivi:

printf("%s %d %.1f\n", jina, alizoleta, anazodaiwa);

Kompaila ilinipa onyo, tena mara mbili. Mimi nikaona programu imekubali kukimbia, nikasema onyo si kosa. Nikaangalia jumla ya chini, ikalingana na daftari. Nikaenda Muleba mjini, nikachapisha karatasi steshenari, nikairudisha kijijini kama mtu aliyebeba cheti.

Kwenye mkutano mwenyekiti akaanza kusoma. Jina la kwanza lilikuwa la bibi mmoja mjane, jirani yetu, ambaye wote tunamwita Ma kwa heshima. Jina lake linaanza na A, ndiyo maana alikuwa wa kwanza. Huyu bibi kijiji kizima kinajua hakopi. Mbegu anatunza mwenyewe kwenye mtungi. Msimu ule alikuwa ameleta kilo 312.5. Karatasi yangu ikasema ameleta 0 na anadaiwa 312.5.

Mwenyekiti akasoma kama ilivyoandikwa. Watu kimya. Bibi akainuka, akajifunga kitenge chake vizuri, akaondoka bila kusema neno. Jina la pili likasomwa, la tatu, na hapo ndipo watu wakaanza kugundua kwamba karatasi nzima imepinduka: kilo za deni zimekaa kwenye safu ya mzigo, na kilo za mzigo zimekaa kwenye safu ya deni. Wengine wakacheka. Mama yangu hakucheka. Bibi alikuwa ameshafika kwake, na kwa alivyojua yeye, kikundi kilikuwa kimemwibia mavuno na kumpachika deni mbele za watu.

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa moja. Nilitegemea nikikosea alama, kompyuta itachapa takataka au itagoma. Kwa nini ilichapa namba safi, za kweli kabisa, ila kwenye viti visivyo vyake? Nilipoanza kutafuta jibu, nikajikuta nasoma maisha ya mtu.

Dennis MacAlistair Ritchie alizaliwa tarehe 9 Septemba 1941 Bronxville, jimbo la New York, Marekani, akakulia Summit, New Jersey. Baba yake, Alistair Ritchie, alikuwa mtaalamu katika maabara za Bell, kitengo cha utafiti cha kampuni ya simu ya AT&T, na aliandika pamoja na wenzake kitabu kuhusu saketi za kuunganishia simu. Kwa hiyo kijana alikua akiona kazi ya akili inafanyika nyumbani. Alisoma fizikia Chuo Kikuu cha Harvard, akamaliza shahada ya kwanza mwaka 1963, kisha akabaki palepale kwa hisabati. Mwaka 1968 alikuwa na tasnifu yake ya uzamivu mkononi. Shahada yenyewe hakuipata. Inasimuliwa kwamba hakukabidhi maktaba nakala iliyojalidiwa, na mambo yakaishia hapo. Wale mnaohangaika na fomu za kliaransi, mnaye ndugu.

Hakuingoja hata hivyo. Mwaka 1967 alikuwa ameshaingia Bell, palepale alipofanya kazi baba yake. Wakati huo Bell, chuo cha MIT na kampuni ya General Electric walikuwa wanajenga pamoja mfumo mkubwa wa kompyuta ulioitwa Multics. Mradi ukawa mzito na wa gharama, na mwaka 1969 Bell wakajitoa. Ritchie na rafiki yake Ken Thompson wakabaki bila mfumo wanaoupenda na bila mashine ya maana. Thompson akapata kompyuta ya zamani iliyokuwa haina kazi kubwa, PDP-7, akaanza kuijengea mfumo mdogo. Huo ndio ulioitwa Unix. Ritchie akajiunga naye.

Hapa ndipo hadithi ya karatasi yangu inapoanzia, miaka mingi kabla sijazaliwa.

Thompson alitengeneza lugha ya kuandikia programu kwenye mashine ile, akaiita B. Aliichukua kutoka lugha ya Mwingereza Martin Richards iliyoitwa BCPL, akaipunguza mpaka ikaingia kwenye kumbukumbu finyu. B haikuwa na aina za data. Hapakuwa na int, char wala double. Kila kitu kilikuwa neno moja la mashine, kifungu cha biti, na kwenye PDP-7 neno lilikuwa na biti 18. Neno hilo lingeweza kuwa namba, herufi, au anwani ya mahali kwenye kumbukumbu. Mashine haikujua wala haikuuliza.

Sasa fikiria unataka kuchapa neno kama hilo. Nani atasema lichapwe kama namba au kama herufi? Lazima useme wewe. Ndiyo maana B ilikuwa na funksheni iitwayo printf, yenye alama zake: %d kwa namba ya kawaida, %o kwa namba ya msingi wa nane, %c kwa herufi, %s kwa maandishi. Niliposoma hapo nikaweka simu chini. Printf ni mkubwa kwa kuzaliwa kuliko aina za data za C. Katika B zile alama hazikuwa zinalingana na aina yoyote, kwa sababu aina hazikuwepo. Alama yenyewe ndiyo ilikuwa aina.

Bell walipopata mashine mpya, PDP-11, mwaka 1970, B ikaanza kuchechemea. Mashine hii ilihesabu kumbukumbu kwa baiti moja moja, wakati B inajua maneno tu, kwa hiyo kushika herufi kulikuwa usumbufu. Neno lake lilikuwa la biti 16, na namba ya desimali haiwezi kuenea humo. Anwani nazo zililazimu mahesabu ya ziada kila zilipotumika. Ni sawa na kuwa na debe peke yake sokoni: utapimia maharage, lakini huwezi kupimia kitambaa wala mafuta ya taa ya shilingi mia tano.

Kazi ya kurekebisha hilo aliibeba Ritchie. Mwaka 1971 alianza kuongeza aina kwenye B: kwanza int na char, pamoja na safu na anwani zake. Kompaila ikaanza kujua kila kisanduku kina nini ndani na kina ukubwa gani. Kwa muda lugha iliitwa B Mpya, halafu ikawa C. Mwaka 1972 ndio kazi kubwa ilifanyika. Mwaka 1973, baada ya kuongezewa miundo ya struct, C ilikuwa na nguvu ya kutosha kiasi kwamba Ritchie na Thompson waliandika upya kiini cha Unix kwa lugha hiyo. Enzi hizo mifumo ya uendeshaji kwa kawaida iliandikwa kwa lugha ya mashine husika. Baada ya hapo Unix iliweza kuhama kutoka mashine moja kwenda nyingine, na C ikahama nayo.

Printf ikahamia C na tabia yake ileile ya B. Lugha sasa ilikuwa na aina, lakini funksheni ya kuchapa iliendelea kuamini maneno ya mwandishi. Ukiiambia %d, inakwenda mahali ambapo int hukaa na kuchukua kilichopo. Haigeuki nyuma kuuliza ulichoweka ni nini. Mwaka 1978 Ritchie na Brian Kernighan walitoa kitabu chao cha C, chembamba kuliko madesa yetu ya muhula mmoja, na vizazi vya wanafunzi vikajifunza printf humo. Mwaka 1983 kamati ya Marekani ilianza kuandaa kanuni rasmi za lugha, zikapitishwa mwaka 1989. Kanuni hizo zilileta njia ya kutangaza mapema kila funksheni inapokea aina gani, ili kompaila ikukamate ukikosea. Printf haikunufaika sana, maana yenyewe inapokea vitu vingi kadiri unavyotaka, vya aina yoyote, na kwenye tangazo lake mahali pa vitu hivyo kuna nukta tatu tu.

Kwa hiyo kanuni zinasema wazi: ukitumia alama isiyolingana na aina, C haikuahidi chochote. Inaweza kuchapa takataka, inaweza kuanguka, na inaweza hata kuchapa kitu kinachofanana na ukweli.

Hilo la mwisho ndilo lililonipata. Laptop yangu inatumia Linux kwenye prosesa ya biti 64. Humo, programu inapoita funksheni, namba kamili na anwani zinapita kwenye rejista za kundi moja, na namba za desimali zinapita kwenye rejista za kundi lingine. Niliiambia printf itafute namba kamili kwanza, ikaenda kwenye kundi la namba kamili na kukuta deni la bibi, yaani 0. Kisha nikaiambia itafute desimali, ikaenda kwenye kundi la desimali na kukuta mzigo wake, 312.5. Kila kitu kilikuwa cha kweli. Mwongo alikuwa ule mstari wangu. Jumla ya chini ilikuwa na mstari wake mwingine wenye alama sahihi, ndiyo maana haikunishtua. Kwenye mashine ya aina nyingine huenda ningepata upuuzi mtupu, nikastuka mapema, na bibi akabaki kwenye kiti chake.

Wale mnaoandika C muhula huu, chukueni haya kutoka kwa aliyeungua. %d ni kwa int. %u ni kwa int isiyo na alama ya kutoa. %ld ni kwa long, na %lld ni kwa long long. Msidhani long ina ukubwa mmoja kila mahali: kwenye Windows ya biti 64 ni baiti 4, kwenye Linux ya biti 64 ni baiti 8, kwa hiyo programu iliyokubali kwa rafiki yako inaweza kukukatalia maabara. %zu ni kwa size_t, ile inayotoka kwenye sizeof. %c ni kwa herufi moja, %s kwa maandishi. %f inatosha kwa float na double mnapochapa, kwa sababu float ikipitishwa kwa printf inageuzwa kuwa double njiani. Lakini mnaposoma kwa scanf hakuna kugeuzwa: %f ni ya float, %lf ni ya double, na ukichanganya unaweza kuandika juu ya kumbukumbu isiyo yako. Na wakati wa kukompaili wekeni -Wall. Kompaila za siku hizi zinasoma zile alama na kuzilinganisha na vitu vyako. Yangu ililinganisha, ikaniambia, nikaidharau.

Je, Ritchie alitukosea kwa kuiacha lugha yake ituamini hivi? Nimejiuliza sana. Watu wake walikuwa wachache, wanajuana, wanakaa korido moja, wanafanya kazi kwenye mashine yenye kumbukumbu ndogo mno kuliko simu ya tochi ya mama yangu. Kila ukaguzi ulikuwa na bei. Na hata hivyo hawakuziba macho: mwenzao Steve Johnson aliandika programu ya lint, ya kukagua msimbo wa C na kuonyesha penye mashaka. Ritchie mwenyewe aliandika baadaye historia ya lugha yake bila kuficha mahali ilipochechemea. Nadhani aliwapa watu kisu kikali akitegemea wanajua kukishika. Mimi nilikishika kwenye makali.

Maisha yake yaliyobaki yalikuwa ya kimyakimya. Alikaa Bell karibu miaka 40, mpaka alipostaafu mwaka 2007. Mwaka 1983 yeye na Thompson walipewa Tuzo ya Turing, ambayo kwenye fani yetu ni kama Nobeli. Mwaka 1999 rais Bill Clinton aliwakabidhi nishani ya taifa ya teknolojia. Mwaka 2011 wakapewa tuzo ya Japani. Hakuanzisha kampuni ya kumtajirisha, na wengi walimjua kwa herufi tatu tu za jina lake la kuingilia kwenye kompyuta, dmr.

Tarehe 5 Oktoba 2011 alifariki Steve Jobs, na magazeti yakajaa. Tarehe 12 Oktoba Dennis Ritchie alikutwa amefariki nyumbani kwake Berkeley Heights, New Jersey, alikokuwa akiishi peke yake. Alikuwa na miaka 70. Habari zake zilipita chinichini, ingawa simu za Jobs zenyewe zina mfumo wenye mizizi ya Unix, na simu zetu za Android zinatembea juu ya Linux, ambayo sehemu yake kubwa imeandikwa kwa C. Wengi wetu tulikuwa shule ya msingi, tunakariri jedwali la kuzidisha.

Sasa nirudi Ngenge. Siku ileile jioni nilirekebisha mstari ule. Ni herufi chache: %.1f ikaja mbele, %d ikaenda nyuma. Kesho yake nikaenda kwa bibi na mama. Nilipiga goti, nikamwamkia, nikamweleza kwamba kosa ni langu, si la kikundi wala la mwenyekiti. Nilijaribu kumweleza habari ya kompyuta, mama akanigusa bega ninyamaze. Bibi alichotaka kujua ni kama ile karatasi ya kwanza bado iko mikononi mwa watu. Nikamwambia nimezikusanya zote. Akaniomba zile nakala, nikampa, akaziweka mekoni.

Mwenyekiti aliitisha mkutano mwingine, akasoma upya, akaanza na jina lake. Kilo 312.5, deni 0. Alikuwepo, amekaa karibu na mlango.

Kikundi bado kinatumia programu yangu, lakini kwa sharti aliloliweka bibi na wote wakalikubali: daftari linasomwa kwanza, karatasi inafuata, na mimi nikiwepo nasimama nikisikiliza. Likizo iliyopita nilisimama. Kila jina lilipotajwa nilikuwa natazama mlangoni.